Mstari wa Kumi na Tisa

Accra, 6 Februari

Shikamoo Mama Mkubwa Afrakoma,

Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, maana dereva Opoku anasema basi litaingia Kumasi saa kumi na moja, na saa hiyo najua umeshachoka na wateja. Mimi ni mzima. Shito, ile pilipili ya samaki mliyonitumia, ilivuja kidogo kwenye begi la Opoku na basi zima likanuka samaki, lakini iliyobaki naila na donge la mahindi, kenkey, kila jioni, kijiko kimoja kimoja. Magoti ya mama yanaendeleaje? Msomee sehemu hii polepole: mwanao anakula, analala, Jumapili anakwenda kanisani.

Kazini wamenihamisha. Sikai tena dirisha la mapokezi. Sasa nakaa chini, kwenye chumba kidogo kabla ya mochwari ya hospitali, na ninaandika daftari la wanaoletwa: jina, umri, mji, saa, nani amemleta, nani atamchukua. Simu tunaziacha ndani ya sanduku mlangoni. Mkuu wangu, Bwana Lartey, alinifanya nitie sahihi kiapo siku ya kwanza akaniambia, "Ntiamoah, ukitoka mlango huu, ulichoandika kinabaki mezani. Hata mkeo asijue." Nikamwambia sina mke. Akasema, "Hata huyo usiyenaye."

Sasa mambo ya duka, ambayo umesema tuyaandike kwenye karatasi kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu dukani. Nimeangalia kwa nini unalipia matangazo mtandaoni halafu wanaopiga ni watu wa Tamale wanaouliza bei ya viatu. Tulikosea. Tangazo lilikuwa linaonyeshwa nchi nzima. Nimelipunguza: litaonekana Kumasi na miji ya karibu, mpaka kwetu Adubenso, kwa watu wa miaka thelathini na kuendelea, kwa sababu hao ndio wanaotumwa kununua nguo za msiba. Na tafadhali, ondoa ile picha. Sura yako katikati, umevaa nyeusi, ukingo mwekundu, jina lako lote kwa herufi kubwa na chini yake tarehe. Binamu Asabea alinipigia kutoka Takoradi akilia, akiuliza mazishi ni lini. Nilipomwambia ni tangazo la duka, akanitukana na kukata simu.

Kuhusu lile kundi la wafanyabiashara la Jumanne asubuhi, naomba ujiunge. Nimesoma sana juu ya makundi ya namna hiyo. Kila kazi inapewa kiti kimoja tu. Ukiingia wewe, hakuna muuza nguo za msiba mwingine atakayeingia. Maneno ya dakika moja ya kujitambulisha nimekuandikia kwenye karatasi ya pili. Usiyasome kwa sauti ya makaburini.

Mwanao mtiifu,
Ntiamoah


Kumasi, 19 Februari

Ntiamoah mwanangu,

Tumepokea. Mama yako mzima. Magoti yake yanauma akiambiwa apande ngazi. Akiambiwa ashuke kwenda sokoni hayaumi. Asabea nimempigia mwenyewe ili asikie kwamba bado napumua. Badala ya kufurahi akaniambia nimemharibia safari, alikuwa ameshasuka nywele.

Kundi lako nimekwenda. Hotelini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wamevaa kama wanakwenda harusini, wanakula mayai na kupeana kadi. Mwenyekiti ni Bwana Asenso, mchonga majeneza. Nikasimama, nikasema maneno yako yote. Nilipomaliza Asenso akasema, "Mama huyu anaongea kama wakili. Sasa mama, leo umetuletea nani?"

Nikamwambia, "Nimejileta mwenyewe."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe kila Jumanne kila mmoja lazima aje na karatasi yenye jina la mteja wa mwenzake. Mimi nikisikia msiba, nimpe Asenso jina auze jeneza. Asenso akisikia, anipe mimi niuze nguo. Ukija mikono mitupu mara tatu, kiti chako anapewa mwingine. Na unajua nani yuko nje anangoja changu? Pokuaa. Yule aliyefungua duka kutazamana na langu, akaweka na feni.

Lakini wakikupokea, mwanangu, wanakupokea. Wiki moja tu Asenso amenipa familia mbili. Nimeuza kuliko nilivyouza Desemba nzima.

Sasa nisikilize. Wewe unakaa mlangoni kabisa. Kabla picha ya marehemu haijabandikwa ukutani, wewe umeshaandika. Sikuombi siri za watu. Sitaki kujua mtu amekufa kwa nini. Jina la ukoo na mji, basi. Nguo watanunua tu, kwangu au kwa Pokuaa.

Chumba cha mama yako nimekipaka rangi. Ukimaliza kusoma, choma.

Mama yako mkubwa,
Afrakoma


Accra, 14 Machi

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Huku joto ni kali na mwenye nyumba amekata maji kwa siku nne, lakini mimi sijambo. Nimefurahi kusikia chumba cha mama kimepakwa rangi. Ni rangi gani? Nimefurahi pia kuhusu kundi. Nakushauri uandike majina ya wote waliokupa kadi na kuwasalimu kwa ujumbe mfupi kila baada ya wiki mbili, hata kama huna cha kuwauzia.

Tangazo linakwenda vizuri. Watu mia nne wamelibonyeza.

Karatasi ya pili ya barua yako ililowa kwenye begi la Opoku, kwa hiyo kuna sehemu sikuweza kuisoma. Kama palikuwa na jambo la haraka, samahani sana.

Mwanao,
Ntiamoah


Kumasi, 22 Machi

Ntiamoah,

Rangi ni ya maziwa. Habari ya rangi niliiandika mwishoni kabisa mwa karatasi ya pili, na hiyo umeisoma. Maji gani hayo yanayojua kuchagua?

Mama yako anakusalimu. Huwa namsomea salamu tu, mengine hayamhusu.

Jumanne mbili nimekwenda mikono mitupu. Asenso ananiita "Mama Mgeni" mbele ya watu. Nimechukua vitambaa marobota sita kwa sababu ya kundi hili ambalo wewe ndiye uliyenituma nijiunge. Jumanne ijayo hakuna mkutano; ile inayofuata nikienda hivi hivi, Pokuaa anaingia, na mimi nitakuwa wa kumpigia makofi.

Sikukumbushi kitu. Sikukumbushi cherehani mbili nilizouza ulipokuwa unaingia chuo. Nilikuwa nazo tatu. Mama yako ameniambia nisikuandikie hayo, na ndiyo maana siandiki.

Niambie tu, msomi wangu: nani anadhurika mtu akijua mapema pa kununua nguo?

Afrakoma


Accra, 28 Machi

Shikamoo Mama Mkubwa,

Natumaini mko salama. Mimi sijambo.

Nimelifikiria swali lako siku tano. Nimeona kwamba familia ikishabandika picha na kutangaza redioni, jambo hilo si siri tena, na kurudia kilichotangazwa si kuvunja kiapo. Kwa hiyo nitakutajia hao tu, waliokwisha kutangazwa. Kabla ya hapo hapana. Nakuomba tukubaliane hivyo, na uniandikie kwamba umekubali.

Ukoo wa Mwalimu Boadu-Ansah, Mampong. Familia ya Bi Takyiwaa, Bekwai. Wote wawili wametangazwa Jumatano.

Mistari hiyo nimeipitia mara tatu na sioni kosa. Tafadhali choma.

Ntiamoah


Kumasi, 24 Aprili

Mwanangu wa dhahabu,

Asenso ameacha kuniita Mgeni. Sasa naitwa Mama Karatasi. Wiki nne, karatasi saba! Amenisimamisha mbele ya kundi zima na kunibandika beji kifuani, na Pokuaa alikuwa nyuma ya kioo anaona. Nimecheza pale pale hotelini, mhudumu akasimama na sahani za mayai.

Matangazo sasa nayaweka mwenyewe. Binti wa duka la simu amenifundisha. Ukinipa mji, jioni hiyo hiyo nawapelekea watu wa mji huo picha ya kitambaa, asubuhi wananipigia. Nimeajiri fundi wa pili. Mama yako nimempeleka kwa daktari wa magoti, akampa mkanda wa kuvaa. Anautumia kufungia kuni.

Nimekutumia shati jeupe. Karani asionekane kama mchoma mkaa.

Umeniomba nikubali jambo fulani. Nimekubali. Ila ujue kwamba picha zikishabandikwa, Pokuaa naye anasoma ukuta.

Afrakoma


Accra, 11 Mei

Shikamoo Mama Mkubwa,

Shati limenitosha. Mshukuru mama kwa vifungo, najua ni yeye aliyevikaza. Mwambie sijambo. Sasa hapa usimsomee.

Siandiki kwa ajili ya biashara. Naandika kwa sababu sina mwingine. Tangu Alhamisi chakula hakishuki.

Alhamisi alasiri walikuja kwa mlango wa nyuma watu watano, nguo zao zimefungwa begani, hawakulia wala kusema. Wamemleta mzee mmoja aliyekuwa amelazwa juu, chumba cha peke yake, kwa jina ambalo sasa najua si lake. Nikachukua kalamu. Bwana Lartey akaweka kiganja chake juu ya daftari.

"Mstari wa kumi na tisa uache wazi," akasema. "Anayefuata mwandike ishirini."

Nikauliza, "Nitaujaza lini, bwana?"

"Nani amesema utajazwa? Umeona mtu?"

"Nimeona…"

"Ntiamoah. Umeona mtu?"

Nikasema hapana. Mmoja wa wale watano akaniambia kwa lugha ya kwetu, taratibu, kama anamsaidia mtoto kuvuka barabara, "Tumekuja kuuliza njia tu." Wanaojua ni Bwana Lartey, daktari mmoja, Mzee Ablorh anayeshika funguo za mochwari, na mimi.

Mama Mkubwa, mzee yule namjua. Sitaandika jina lake, wala sitaandika mji. Ila nilipokuwa na miaka sita ulininunulia viatu vyangu vya kwanza ili nikasimame kando ya barabara nimpungie mkono, na mwavuli wake wa enzi ulipopita juu yetu, wewe ukaniambia niiname.

Naona mstari ule mweupe hata nikifumba macho. Choma barua hii. Tafadhali choma kabla hujaikunja.

Ntiamoah


Kumasi, 16 Mei

Mwanangu,

Nimechoma. Kula. Chemsha tangawizi unywe kabla ya kulala. Mama yako mzima, fundi mzima, mvua imeanza kunyesha vizuri.

Jambo dogo la matangazo. Mtu akitaka yaonekane kwa watu waliotoka mji mmoja, hata wale wanaokaa mbali, Accra au ng'ambo, anabonyeza wapi? Binti wa duka la simu hajui.

Afrakoma


Accra, 21 Mei

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nimekunywa tangawizi, asante. Nafurahi kuhusu mvua.

Kuhusu swali lako: usichague mji kwenye ramani, kwa sababu ramani inashika wanaokaa pale tu. Nenda sehemu ya mambo wanayoyapenda watu, andika jina la ukurasa wa umoja wao. Karibu kila mji una ukurasa ambao wana wa mji huo wamejiunga, popote walipo. Halafu ongeza nchi unazotaka. Ukiweka kiasi kikubwa kidogo kwa siku tatu za kwanza, litawafikia karibu wote.

Ntiamoah


Accra, 12 Juni

Mama Mkubwa,

Liondoe. Naomba ukipokea barua hii usimalize kuisoma, liondoe kwanza. Nimekupigia mara kumi na nne. Fundi wako anapokea na kusema uko kwa wateja.

Leo asubuhi Bwana Lartey aliniita akafunga mlango. Akaweka simu yake mezani. Nikaona kitambaa chekundu na cheusi, na kiti cha enzi kimechorwa katikati, na maneno: "Wana wa Adubenso popote mlipo, kwa msiba mkubwa wa mji wetu nguo ziko tayari. Wahi kabla hazijaisha. Duka la Mama Afrakoma, Kumasi."

"Unatoka mji gani?" akaniuliza. Anajua. Mimi ndiye niliyejaza fomu.

Nikasema nimezaliwa Kumasi.

"Mama yako?"

Nikasema mama yangu ana magoti mabaya. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Akaniambia watoto wa yule mzee walioko Uingereza waliliona tangazo wakiwa kazini, kabla ya mtu yeyote kuwaambia neno. Binti yake mmoja alianguka kwenye ngazi za treni. Wanapiga simu kwenye jumba la chifu, wanauliza baba yuko wapi, na wazee wanawajibu ile ile inayojibiwa siku zote kiti kinapobaki kitupu, kwamba Nana amekwenda kijijini kupumzika. Huwezi kumwambia binti hivyo wakati ana picha ya kitambaa chenye bei mkononi.

Ulinijibu kwamba umekubali. Nilikuomba uniandikie, na ukaniandikia.

Lakini sitaweza kusema mbele ya mtu kwamba ni wewe peke yako. Ulinionyesha mlango, na tarehe 21 Mei mimi nikakupa ufunguo. Sikuuliza ni mji gani. Nilikaa na kalamu nusu saa nikiamua kutouliza.

Ntiamoah


Kumasi, 23 Juni

Ntiamoah mwanangu,

Mama yako mzima. Anakusalimu.

Nililiondoa siku ile ile, lakini watu wameshalipiga picha, wanatumiana. Nilifikiri wazee wangetangaza kabla ya wiki mbili kwisha. Nilifikiri nitakuwa wa kwanza kwa siku tatu tu. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, na sina nyingine ya kukupa.

Jumatatu iliyopita waliniita Adubenso, kwenye jumba la Nana. Nilikwenda nimevaa nguo nyeupe. Wazee tisa, na kile kiti cha kati kitupu. Msemaji wa jumba akashika fimbo yake akaniambia, "Mama Afrakoma, tumesikia unawauzia wana wetu nguo za msiba."

"Nauza kwa kila mtu, baba."

"Umesema msiba mkubwa wa mji wetu. Tupe pole basi. Tumefiwa na nani?"

Ntiamoah, pima mwenyewe. Nikitaja jina, nimesema neno ambalo katika mji ule halisemwi na mtu kabla ya siku yake. Nisipotaja, mimi ni mwongo niliyewatisha watoto wa watu kwa ajili ya biashara. Nao pia hawawezi kulitaja ili wanishitaki! Tulikaa pale watu kumi, kila mtu anajua, kila mtu anatazama sakafu.

Nikasema, "Mimi ni kama muuza miavuli, baba. Naweka tayari tu."

Bibi mmoja pembeni akasema, "Mwavuli mmoja, mama, au wa mji mzima?" Hakuna aliyecheka.

Wamenipa hadi Ijumaa, tarehe 18 Julai. Nije na kondoo wawili, chupa sita za pombe ya jini, na mdomo ulioninong'oneza.

Asenso hapokei simu. Ndiye aliyenipigia makofi nilipolisoma tangazo lile mbele ya kundi, aliniambia, "Mama Karatasi, huo ndio ujasiri wa biashara." Jumanne iliyopita kwenye kiti changu alikuwa amekaa Pokuaa, beji ile ile.

Wewe ndiye msomi. Nitawaambia nini?

Afrakoma


Accra, 9 Julai

Shikamoo Mama Mkubwa,

Natumaini mama hajui kitu. Kama anajua, mwambie nakula.

Nilikuandikia majibu matatu ya kuwapa wazee, nikayachana yote matatu, kwa sababu kila moja lilikuwa zuri na la uongo. Kwa hiyo nasema hivi: kama ni lazima utaje mtu, nitaje mimi. Nimelisema kwenye karatasi, na hili usilichome.

Sasa nikueleze ya huku. Wamemfukuza Mzee Ablorh. Miaka ishirini na sita ameshika funguo za mochwari. Barua yake inasema ni kwa ajili ya kuchelewa kazini. Alikuja kwangu na barua hiyo ameikunja mara nane, akasema, "Kijana, wewe una mkono mzuri. Niandikie ombi wanirudishe. Waambie mimi sijawahi kutoa neno nje ya mlango huu."

Nikamwandikia. Kurasa mbili. Nilieleza kwa ufasaha kwamba hajawahi kumwambia mtu neno, na hakuna mtu hospitalini aliyejua kama mimi kwamba ni kweli. Nilipomsomea akalia, akaniombea baraka, akaweka kidole gumba penye sahihi.

Jumatatu nikaenda kwa Bwana Lartey. Nikamwambia, "Bwana, si Mzee Ablorh. Ni mimi niliyesema."

"Ulisema nini?"

"Kuhusu mstari wa kumi na tisa."

"Mstari wa kumi na tisa una nini?"

"Hauna kitu, bwana."

"Basi umesema kwamba mstari hauna kitu. Hilo si kosa." Akaendelea kupiga mihuri. Nikamwambia tena, kwa sauti, kwamba nimevunja kiapo. Akainua macho. "Ntiamoah, ukiniandikia hilo, itabidi uandike ulimwambia mtu kwamba nani amefanya nini. Andika sasa hivi. Kalamu hii hapa. Na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza duniani kuliandika jina lile."

Nilishika kalamu. Sikuandika.

Akasema Mzee Ablorh alichelewa kazini tarehe 3 na tarehe 10 Juni, na ni kweli, mimi mwenyewe ndiye ninayeandika mahudhurio. Kisha akafungua mtoto wa meza, akanipa funguo za mochwari. "Shika wewe," akasema. "Sasa najua umejifunza."

Kila asubuhi nafungua mlango ule mimi. Yule wa mstari wa kumi na tisa yuko kushoto, wa mwisho kabisa. Nikipita nainama kama ulivyonifundisha.

Ntiamoah


Kumasi, 21 Julai

Ntiamoah mwanangu,

Nimekwenda, nimerudi. Kondoo wameliwa, jini imemwagwa chini kwa wahenga.

Waliniuliza mdomo ulioninong'oneza uko wapi. Nikasema nimekuja nao, ni huu wangu. Nikasema nilikisia, nilisikia Nana anaumwa, tamaa ikanishika, nikakisia. Msemaji akaniuliza mara tatu, na mara tatu nikajibu hivyo. Hakuniamini. Ila alisema, "Angalau huu mdomo umejifunza kufunga."

Kisha akanipa hukumu. Nana yuko kijijini. Mpaka arudi na kuniruhusu kwa kinywa chake, nisiuze nyekundu wala nyeusi, hata kipande, hata kwa mgeni, kwa sababu kila nitakachouza watu watasema Adubenso imelia. Nikikaidi, mlango wa nyumba ya ukoo wetu utafungwa, na mimi na mama yako hatutakuwa na pa kuzikwa.

Mpaka arudi, Ntiamoah. Nilimjibu, "Nimesikia, baba." Ningemjibu nini? Nimuulize anarudi lini?

Watakapomtangaza hukumu itakwisha yenyewe, kila mtu anajua. Inaweza kuwa miezi miwili. Aliyemtangulia alikaa kijijini mwaka mmoja na nusu. Marobota yako chumbani kwa mama yako, analala katikati yake. Fundi nimemwachisha. Nauza vitenge vya harusi, na wanaoolewa wananunua kwa Pokuaa, ana feni.

Barua zako sikuwahi kuchoma hata moja. Nilikudanganya. Nilipenda kuzisoma. Usiku wa kuamkia safari ya Adubenso ndipo nilipozichoma zote, na ile uliyosema nisiichome. Mama yako alinishikia kiberiti. Aliniuliza, "Dada, mbona tunachoma salamu?"

Sikukutaja na sitakutaja. Sikudai kitu kwa hilo. Ila nakuomba jambo moja, na halina jina wala mji. Siku mstari ule utakapojazwa, uniandikie. Neno moja tu. Nijue kwamba ninangoja kitu chenye mwisho.

Mama yako mkubwa,
Afrakoma


Accra, 17 Agosti

Shikamoo Mama Mkubwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima wote wawili. Mimi ni mzima. Mvua za huku zimekatika na upepo wa bahari ni wa baridi kidogo, navaa lile shati na fulana ndani. Kenkey imepanda bei. Mwenye nyumba amerudisha maji. Kazi inaendelea kama kawaida.

Jumapili baada ya kanisa huwa napita kwa mzee mmoja wa huku, Mzee Ablorh. Nampelekea mkate na kumsomea gazeti, kwa sababu macho yake yamechoka na siku hizi anashinda nyumbani. Mkewe ananipikia ugali wao wa banku na kuniita mwanawe. Mzee ananisifu kwa majirani, anasema siku hizi hakuna vijana kama mimi. Nimejaribu kumkatalia, lakini anadhani ni unyenyekevu.

Magoti ya mama yaendelee kupumzika. Ule mkanda auvae, asifungie kuni. Msalimie Asabea, msalimie dereva Opoku.

Umeniomba neno moja, nami nimeisoma barua yako yote, haikulowa.

Hii nimeiandika ya salamu tupu, Mama Mkubwa, na zijazo zitakuwa hivyo hivyo. Unaweza kumsomea mama yote, kuanzia juu mpaka kwenye jina langu.

Mwanenu,
Ntiamoah